Chupa za Wageni

Ukitaka kumkorofisha Mama Povu, mwambie sabuni imekwisha. Hapo utaona moto. Miaka tisa alifagia na kupiga deki katika wodi ya watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao, na katika miaka yote hiyo hakuna nesi, daktari wala mzazi aliyebonyeza chupa ya sabuni pale akaambulia patupu. Hata siku moja! Wodi nyingine watu walinawa kwa maji matupu na kumwachia Mungu. Kwake povu lilikuwepo asubuhi na jioni, ndiyo maana manesi wakampa jina hilo, naye akalipokea kama cheo.

Ujanja wake ulikuwa mmoja, na wala hakuufanya siri: hakusubiri chupa iishe. Masinki yalikuwa manne, kila sinki na chupa yake ya kubonyeza. Asubuhi, kabla zamu haijabadilishana, alipita na dumu la sabuni ya rangi ya waridi. Chupa ikifika nusu anafungua kifuniko, anamimina juu ya ile iliyobaki, anatia maji kidogo isiwe nzito, anatikisa, anafunga. Chupa zilikuwa zile zile tangu alipoanza kazi. Lebo zilishachunika zote. "Sabuni haiishi kwa anayejua kuongezea," aliwaambia wafagizi wenzake, nao wakaja kujifunza kwake mmoja mmoja, hadi hospitali nzima ikawa inaongezea.

Sasa sikiliza. Binti yake, kitinda mimba wake, akajifungua wa miezi saba. Mtoto wa kike, gramu elfu moja na mia tatu. Ukimfunika kwa taulo la mikono, taulo linabaki. Wakamlaza kitanda cha nne, wodi ile ile. Siku ya kwanza Mama Povu alilia mpaka macho yakavimba. Siku ya pili akaanza utani, maana bibi na mjukuu bila utani si kitu. "Mke mwenza," alimwambia kupitia kioo cha mashine ya joto, "mbio zote hizi za nini? Uliogopa nitakumalizia mume?" Mjukuu akakunja uso kama mzee aliyeamshwa usingizini, bibi akacheka peke yake.

Aliyemchosha ni binti. Binti huyo tangu utotoni kichwa chake kigumu, ukimwambia kulia anauliza kwa nini kulia. Siku ya tatu tu akaja na kisanduku cha plastiki, ndani yake kipande cha sabuni ya mche kutoka nyumbani.

"Hicho nini?" aliuliza Mama Povu.

"Sabuni, mama. Hii yenu inaniwasha mikono. Halafu inanuka."

"Inanuka?"

"Inanuka kama mtungi usiosuguliwa."

Jamani! Mbele ya manesi wawili! Mama Povu alitamani sakafu aliyoipiga deki impasukie. Na binti hakuishia hapo. Kila nesi aliyekuja kumgusa mwanawe alimnyooshea kile kisanduku: "Dada, samahani, nawa na hii." Manesi wengine walinuna, wengine walicheka, lakini wote walinawa, kwa sababu kubishana naye kulichukua muda mrefu kuliko kunawa. Maziwa alikamua na kumnywesha mwenyewe, nepi alibadilisha mwenyewe, na mchana kutwa alimbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kama walivyomfundisha.

"Unaniaibisha kazini kwangu," Mama Povu alimwambia kwenye korido. "Watu wanatoka wodi nyingine kuifuata sabuni yangu, mwanangu mwenyewe anaikimbia!"

"Sijakataa kunawa, mama. Nimekataa kuwashwa."

Wakanuniana siku mbili nzima, na chakula mama alimletea vile vile, ila bakuli alilitua kwa kishindo.

Kisha mambo yakaharibika. Mtoto wa kitanda cha pili alipandwa na homa Jumanne. Wakampa dawa ya kwanza, homa ikabaki pale pale. Ya pili, wapi! Daktari wa watoto, baba mtu mzima asiyejua kupaza sauti, aliwakusanya wafanyakazi akawaambia majibu ya maabara: vijidudu vilivyoingia kwenye damu ya mtoto vimekuwa sugu. Dawa tulizozitegemea vimeshazizoea, alisema, tunavipiga navyo vinacheka. Ijumaa asubuhi kitanda cha pili kilikuwa kitupu. Mama Povu ndiye aliyekifuta. Alikifuta mara tatu, machozi yakimdondokea kwenye glavu, na alipomaliza akaenda sinki la karibu akanawa kwa sabuni yake, povu tele, mpaka kwenye viwiko.

Jumapili, homa ikampanda wa kitanda cha tatu.

Ndipo ikaja habari kwamba nesi wa kudhibiti maambukizi anatumwa kutoka makao makuu kuja kusaka chanzo. Matroni aliipokea simu, akatoka ofisini ameshika kiuno. "Wageni kesho saa tatu," alisema. "Mama Povu, toa vya wageni."

Hapa lazima nikueleze, maana bila hili hutaelewa kitu. Kuna nyumba zenye kabati la vioo, na ndani yake vikombe ambavyo watoto wa nyumba hiyo hawajawahi kuvinywea. Vinangoja wageni. Basi na wodi ile ilikuwa na kabati lake. Humo mlikuwa na mashuka yasiyojua mgonjwa, mapipa ya taka ambayo vifuniko vyake bado vinafunga, na chupa nne mpya za sabuni, zimejaa, lebo inang'aa. Akija mkubwa yeyote, vya kabatini vinatoka na vya kila siku vinaingia stoo. Mkubwa akishaondoka, vinabadilishana tena. Hakuna aliyeona kwamba ni udanganyifu. Hivyo ndivyo mtu anavyopokea wageni! Matroni alikuwa mwanamke mwema, mwenye kusimama na wagonjwa mpaka miguu ikavimba, lakini aibu ya wodi yake aliiogopa kuliko nyoka.

Nesi wa makao makuu alikuwa msichana mfupi mwenye viatu vya mpira na begi lililojaa vijiti vyenye pamba kichwani. Kabla ya saa nne walishampa jina: Kijiti. Alipitisha vijiti vyake kwenye masinki, mabomba, vitanda, vitasa, mipira ya oksijeni, hata viganja vya daktari. Alipofika kwa Mama Povu aliinama kidogo. "Shikamoo mama. Naomba mikono."

"Marahaba, mwanangu. Chukua, ila uirudishe."

Kijiti akacheka. Akabonyeza chupa ya sabuni iliyokuwa sinkini, ile mpya ya wageni, akachukua tone moja kwenye kichupa chake. Jioni alipokwenda kulala kwenye nyumba ya wageni ya hospitali, Mama Povu alirudisha kila kitu mahali pake kama ilivyo ada.

Majibu yalirudi Jumatano asubuhi. Mikono ya manesi wawili ilikuwa na kijidudu kile kile. Sehemu nyingine zote, safi. Sabuni, safi kabisa. "Wodi yenu ni safi kuliko jikoni kwangu," Kijiti alisema, na uso wake haukufurahi hata kidogo. "Manesi hawa wanakitoa wapi, na wananawa kila mara?" Hajamaliza kusema, nesi wa zamu akaita kutoka ndani. Kitanda cha tano kimepata homa.

Daktari alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Akasema hana njia. Chanzo kisipopatikana, Ijumaa wodi inafungwa, na watoto watapelekwa hospitali kubwa, saa sita barabarani. "Wote?" aliuliza binti wa Mama Povu, mtoto akiwa kifuani. Wote, alijibu daktari. "Wa kwangu hata kunyonya bado hajaweza. Atafika?" Daktari hakumdanganya. Alisema wengine huenda wasifike.

Mama Povu aliisikia hiyo akiwa na deki mkononi. Kubaki, homa iko kulia na iko kushoto. Kuondoka, barabara. Gramu elfu moja na mia tatu utazificha wapi?

Saa saba mchana Kijiti alimkuta amekaa kwenye ndoo aliyoipindua, nje ya stoo. Akachuchumaa kando yake na karatasi zake. "Mama, wewe uko hapa kuliko sisi wote. Nisaidie. Kitanda cha pili, cha tatu, cha tano. Manesi ni wale wale, daktari yule yule, maji yale yale. Kwa nini cha nne kimerukwa? Kiko katikati yao!"

"Mungu tu, mwanangu," alisema Mama Povu. "Mungu, na ukaidi wa mama yake. Yule binti sijui kamrithi nani. Hata sabuni yangu ha..."

Akaziba mdomo kwa kiganja.

"Ha nini, mama?"

"Haipendi," akasema, na simu ya Kijiti ikaita, akaondoka nayo.

Mama Povu akainuka, akaingia wodini na kwenda moja kwa moja kwenye sinki la tatu. Akaichukua chupa, akaipeleka stoo, akafunga mlango. Miaka tisa aliimiminia chupa hiyo kwa juu. Chini yake hajapaona hata mara moja. Akamwaga sabuni yote kwenye beseni, kisha akaingiza kidole.

Kulikuwa na utelezi. Mzito, umegandamana pembeni na kitakoni, na ukiukwangua unatoka kama ute wa bamia. Harufu ikapanda. Mtungi usiosuguliwa, vile vile kama binti alivyosema. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye nguo hiyo aliivaa kwa majivuno. Manesi walinawa hapa kabla ya kumshika mtoto wa kitanda cha pili. Walinawa vizuri, kwa bidii, kwa sababu yeye alisimama mlangoni akiwakumbusha: nawa, nawa! Mama Povu aliegemea rafu akalia bila sauti, ngumi mdomoni.

Nami sitamfanya malaika. Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa bomba la nje. Chupa nne, maji moto, brashi, dakika ishirini. Nani atajua? Zitang'aa, homa zitakoma zenyewe, na jina lake litabaki jina lake. Alizikusanya zile tatu zilizobaki, akafika bombani, akafungua maji. Kisha akayatazama yakimwagika. Chupa zikishaoshwa, Kijiti hatapata chanzo. Chanzo kisipopatikana, Ijumaa iko pale pale, gari linakuja, na mke mwenza wake anaanza safari ya saa sita. Na wodi ya upasuaji je? Na ya wazazi? Nani aliwafundisha kuongezea?

Akafunga bomba, akapiga moyo konde. Chupa tatu zilikuwa hazijaguswa, bado na sabuni yake. Alizipanga kwenye ndoo kavu pamoja na ile ya kwanza na kushika korido. Hakufika mbali.

"Mama Povu," Matroni aliita mlangoni kwake. "Hizo zinakwenda wapi?"

"Kwa Kijiti."

Matroni alichungulia ndoo, akaelewa nusu. Akashusha sauti. "Zilishapimwa sabuni. Majibu safi."

"Zilizopimwa ni za wageni, Matroni. Wanaowashika watoto wetu hawanawi kwa za wageni."

"Unajua tutakavyoonekana? Mimi na wewe? Utafukuzwa, mama! Miaka tisa!"

"Najua." Miguu haikurudi nyuma. "Mficha uchi hazai, Matroni. Na hebu tazama hapa tulipo ni wodi gani."

Sijui ni maneno hayo au ni uso ulioyasema. Matroni alifungua mdomo kukemea, kicheko kikamtoroka, na nyuma ya kicheko machozi. Alijifuta kwa kiganja. Kisha akashika upande mmoja wa mpini wa ndoo. "Twende wote," alisema. "Kuzificha nilikutuma mimi."

Kijiti aliwasikiliza wote wawili bila kuwakatiza. Mama Povu alieleza kila kitu, dumu, maji kidogo, kutikisa, na binti yake na kisanduku chake, na hakujitetea hata kwa neno moja. Kisha akasubiri kufukuzwa. Badala yake yule msichana alitumbukiza vijiti vyake, chupa kwa chupa.

"Hutanigombeza?" aliuliza Mama Povu.

"Baadaye, mama, nikipata nafasi. Sasa hivi nionyeshe chupa nyingine zote ziko wapi."

Zilikuwa thelathini na nane. Mchana ule ule walizunguka wodi zote, Mama Povu mbele, akizing'oa masinkini kwa mkono wake, na wafagizi wenzake wakimshangaa. Za wageni zilitolewa kabatini ziwe za kila siku. Waliougua walihamishiwa chumba cha pembeni na manesi wao, wasioingia kwingine. Daktari akakubali kungoja majibu mpaka Ijumaa saa nne, dakika moja zaidi hapana.

Alhamisi ilikuwa ndefu, achana nayo.

Ijumaa saa tatu na nusu gari la wagonjwa lilikuwa limeshaegeshwa, milango ya nyuma wazi. Binti alikuwa ameshamfunga mtoto kifuani. Kijiti alikuja akikimbia kutoka maabara, viatu vyake vya mpira vikilia sakafuni, karatasi juu. Kijidudu kilikuwamo. Kwenye chupa zote nne, kile kile kilichokuwa kwenye damu ya watoto. Chanzo kimepatikana na kimeshaondolewa. Hakuna wa kwenda popote. Na si hayo tu. Maabara walikuwa wamevijaribu vile vijidudu kwa dawa moja baada ya nyingine, na ikapatikana moja, ya zamani, iliyofungiwa kwa ajili ya siku kama hii, ambayo bado inaviua. Daktari, yule asiyejua kupaza sauti, alimwambia dereva aondoe gari kwa sauti iliyosikika mpaka getini.

Wa kitanda cha tatu homa ilishuka Jumapili. Wa tano ilimchukua wiki, lakini yake nayo ikashuka. Baada ya hapo hakuugua mwingine.

Kufukuzwa, hakufukuzwa. Alipewa barua ya onyo, Matroni naye ya kwake, na Kijiti akamgombeza kweli, kama alivyoahidi, nusu saa nzima. Jambo moja aliomba mwenyewe. Hospitali ilipomwita mama wa mtoto wa kitanda cha pili kumweleza kilichotokea, Mama Povu aliomba awepo. Akasema mbele yake, "Sabuni ilikuwa yangu. Sikujua, lakini ilikuwa yangu." Yule mama alimtazama, akauliza, "Na wale wengine?" Akaambiwa wanapona. Akaitikia kwa kichwa, akachukua mfuko wake na kwenda zake. Mama Povu hakumtarajia amsamehe, na mpaka leo humkumbuka kila anapokishika kile kitanda.

Sheria mpya ni fupi, na anayeisimamia, nani kama si yeye: hakuna kuongezea. Chupa iishe, isuguliwe mpaka chini, ikauke kabisa, ndipo ijazwe. Sasa anazunguka wodi kwa wodi kuwafundisha wale wale aliowafundisha, na wanapomcheka anawaambia wacheke huku wanasugua. Kabati la wageni wameligeuza la nepi.

Wiki ya saba mjukuu alifika kilo mbili. Siku ya kwenda nyumbani Mama Povu aliacha deki, akaja amenyoosha mikono yote miwili. "Haya, mke mwenza, njoo nikuone vizuri, nijue nashindana na nani."

"Mama," alisema binti, akamgeuzia mtoto pembeni. "Mikono."

"Nimeshanawa!"

"Umeshika deki."

Manesi wakacheka. Mama Povu akageuka sinkini kubonyeza, na mahali pa chupa palikuwa patupu. Aliitazama: iko kwenye rafu, imepinduliwa kichwa chini, inakauka, kwa amri yake mwenyewe. Ya kushika nafasi yake ilikuwa haijaletwa. Nesi mmoja akavuta pumzi, maana kila mtu alijua nini humpata anayeishiwa sabuni katika wodi ya Mama Povu.

Mama Povu akakunja mikono ya gauni lake mpaka juu ya viwiko.

"Haya mwanangu," alisema, "lete hicho kisanduku chako."